Hojaji ya Mkojo Mwekundu: Je, Majibu Yaaminike?

Mwanafunzi aulizwapo na mwalimu wake kama amepata kukojoa damu katika mwezi uliopita, hujibu ndiyo au la. Akiulizwa tena baada ya juma moja, je, atajibu vile vile? Hapo ndipo hujulikana kama karatasi ya maswali yastahili kuhesabiwa miongoni mwa vyombo vya sayansi, pamoja na mizani na kipimajoto.

Nchini Tanzania jambo hili lilichunguzwa katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, mwishoni mwa miaka ya 1980. Ugonjwa uliotafutwa ulikuwa kichocho cha mkojo. Mayai ya minyoo yake yana mwiba. Yapenyapo ukuta wa kibofu huujeruhi, na damu huonekana hasa katika matone ya mwisho ya mkojo. Dawa ya prazikwanteli ilikuwapo, lakini kwa bei ya siku zile haikuweza kugawiwa ovyo, na kupeleka hadubini katika kila shule kulihitaji magari na fedha nyingi. Watafiti, miongoni mwao Christian Lengeler, wakatumia njia iliyokuwapo tayari: hojaji zilipitia idara ya elimu hadi kwa walimu wakuu, na walimu wakawahoji wanafunzi. Kichocho hakikuulizwa peke yake, bali kiliwekwa katikati ya maradhi na dalili nyingine, ili mtoto asitambue ni jibu gani lililongojewa.

Kisha mkojo ukapimwa kwa vijiti vyenye kemikali ibadilikayo rangi ikutanapo na damu. Shule zilizokuwa na "ndiyo" nyingi ndizo zilizoonekana kuwa na ugonjwa mwingi. La maana zaidi, zile zenye "ndiyo" chache ziliweza kuachwa kando bila hofu kubwa, na dawa ikaelekezwa palipokuwa na haja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991, na njia hiyo ikajaribiwa katika nchi nyingine za Afrika, zikiwamo Malawi, Zambia na Zimbabwe.

Ulinganisho huo na vijiti hupima usahihi. Uthabiti ni jambo jingine: mizani izidishayo nusu kilo kila mara ni thabiti, lakini si sahihi.

Na ichukuliwe kwa mfano shule ya kubuni huko Nyamigogo, mkoani Kagera, yenye wanafunzi 100. Siku ya kwanza 20 wasema ndiyo. Juma la pili pia 20. Lakini waliosema ndiyo mara zote mbili ni 12 tu. Waliosema la mara zote ni 72. Basi majibu yaliyopatana ni 84 katika 100, na mtu mwepesi angefurahi. Lakini hata kama kila mmoja angejibu kwa kubahatisha, watu 4 wangepatana kwa ndiyo na 64 kwa la, jumla 68. Nafasi iliyobaki juu ya bahati ni 32, na hojaji imepata 16 tu, yaani 0.5. Kipimo hiki, kiitwacho kapa, kilitolewa na Jacob Cohen mwaka 1960. Nusu huhesabiwa kuwa ya wastani tu.

Kasoro hiyo yatoka wapi? Pengine ni lugha. Swali la Kiswahili likifafanuliwa kwa Kihangaza na mwalimu mmoja, na kwa Kishubi na mwingine, si swali moja tena. Ndiyo maana tafsiri hurudishwa katika lugha ya asili na mtu ambaye hakuliona swali la kwanza. Pengine ni aibu, au msichana aliyechanganya hedhi na damu ya mkojo. Muda nao una hila zake: ukiwa mfupi mno, mtoto hukumbuka jibu lake na kulikariri; ukiwa mrefu mno, huenda amekwisha kutibiwa, na majibu mawili yanayopingana yakawa ya kweli yote mawili.