Wajukuu Walioitwa Nyumbani

Mtoto wa ndugu yetu aliyezaliwa ng'ambo anapokuja likizo, lugha ya nyumbani haijui na ugali haumpiti kooni. Upesi tunamwita "mgeni", tena akisikia. Sisi akina mama tunakiri kosa hilo. Habari za timu moja ya Jamaika zimetufanya tujiulize upya.

Jamaika inajulikana kwa riadha na kriketi. Raga ya wachezaji 13 si mchezo wa asili kwao. Ilianza kaskazini mwa Uingereza mwaka 1895, vilabu 22 vilipojitenga na chama cha raga. Chanzo kilikuwa riziki: wachimba makaa na wafanyakazi wa viwandani walipokwenda kucheza Jumamosi walikosa ujira, na vilabu vyao vilitaka wafidiwe.

Mtoto wa miguu dhaifu

Familia nyingi za Jamaika zilihamia Uingereza kutafuta kazi, hasa baada ya mwaka 1948. Wengine walitangulia. Mwaka 1943, mjini Cardiff, wazazi wenye asili ya Jamaika walimpata mtoto, Clive Sullivan. Utotoni alipasuliwa miguu mara kadhaa, ikahofiwa kwamba hatatembea vizuri. Kumbe angekuja kuwa mkimbiaji hodari wa raga katika vilabu viwili vya mji wa Hull! Mwaka 1972, akiwa nahodha mweusi wa kwanza wa timu ya taifa ya Uingereza, alitwaa Kombe la Dunia. Alifariki mwaka 1985, na barabara kuu ya kuingia Hull ina jina lake.

Jezi moja

Kanuni za mchezo huu zinamruhusu mtu kuichezea nchi ya mzazi wake, au ya babu na bibi yake. Basi Jamaika ilipoanza kuujenga mchezo huo miaka ya 2000, haikutegemea vijana wa kisiwani peke yao. Iliwaita pia wajukuu waliozaliwa Uingereza. Novemba 2018 waliishinda Marekani 16 kwa 10 mjini Jacksonville, wakawa timu ya kwanza ya visiwa vya Karibi kufuzu Kombe la Dunia.

Mashindano yalifanyika Uingereza mwaka 2022, nao walishindwa mechi zote tatu. Ireland iliwafunga 48 kwa 2, New Zealand 68 kwa 6, na Lebanon 74 kwa 12. Hata hivyo, katika mechi ya New Zealand, Ben Jones-Bishop, mzaliwa wa Leeds, aliutua mpira nyuma ya mstari wa wapinzani. Ndiyo trai ya kwanza ya Jamaika katika Kombe la Dunia. Ilipatikana wapi? Hull, mji wa Sullivan.

Nasi je?

Ruthu alikuwa Mmoabi, lakini Naomi hakumfukuza, na katika uzao wake akatoka mfalme Daudi. Mama mwenzetu, yule mtoto wa ng'ambo akija tena, mketishe jikoni. Mwambie jina la bibi yake na kijiji alikotoka. Akikosea lugha, msahihishe kwa upole, wala usimcheke. Wanao wakishindwa uwanjani au darasani, pokea pia hiyo trai moja waliyoileta nyumbani.

Je, ni nani katika ukoo wako anayengoja kuitwa?