Tumbo Lisilopona: Tusiwacheke Wenzetu



Mwaka uliopita tulikuwa na mwenzetu mumoja mu internati. Usiku aliamuka mara sita, mara munane, kukimbia ku choo. Mu klasi aliomba ruhusa kila wakati. Sisi tulimucheka, tukamupa jina baya. Wengine walisema: “Huyu amelishwa sumu.” Akaonda, akaacha masomo. Kisha tulisikia kwamba hospitali kubwa ilimupima, ikakuta ugonjwa wa utumbo unaodumu. Tukapata haya. Njo sababu tunaandika leo.

Magonjwa haya njo nini?

Makubwa iko mawili. La kwanza ni kolite ya vidonda. Linakamata utumbo mukubwa tu, linaanzia chini kabisa na kupanda, na ngozi ya ndani inatoka vidonda na damu. La pili ni ugonjwa wa Crohn, kwa jina la Daktari Burrill Crohn, aliyeueleza pamoja na wenzake wawili huko New York mwaka 1932. Huu unaweza kukamata popote toka kinywa mpaka mwisho, na unaingia mu unene wote wa ukuta wa utumbo.

Katika yote mawili, askari wa mwili, wanaopaswa kupiga mikrobe, wanageuka na kupiga utumbo wenyewe. Si sumu, si uchawi. Tena hauambukizi: ukila naye sahani moja, hautakamatwa.

Lakini tuangalie! Hapa kwetu kuhara damu mara nyingi ni amiba ao mikrobe ingine. Kwa hiyo choo kipimwe kwanza mu mikroskopi. Kortizone inatuliza Crohn na kolite, lakini mutu wa amiba akipewa bila kupimwa, inaweza kumuua. Musinunue dawa ovyo sokoni.

Matata yanayofuata

Makovu yanafinya utumbo, chakula kinakosa njia. Mu Crohn, tundu linaweza kutoboka toka utumbo mpaka ku kibofu ao ku ngozi, na usaha unajikusanya. Damu inapunguka, mutu anachoka hata akilala sana. Mara ingine utumbo mukubwa unavimba na kupasuka: hapo ni operasyo upesi. Viungo vinauma, macho yanakuwa mekundu. Kijana anachelewa kukua. Na kisha miaka munane ao zaidi, hatari ya kansa ya utumbo mukubwa inaongezeka. Njo maana munganga anataka kuuchungulia tena na tena.

Maisha ya mugonjwa

Ugonjwa unalala, kisha unaamuka. Leo anacheza mupira na sisi, kesho hawezi kusimama. Tusiseme ni muvivu. Kabla ya safari anajiuliza: choo iko wapi? Woga ule unachokesha kama maumivu yenyewe.

Dawa haziondoe ugonjwa kabisa, lakini zinaweza kuulaza kwa muda mrefu. Wengine wanakatwa kipande cha utumbo. Wengine wanavaa mufuko ku tumbo, na wanafanya kazi vizuri. Rais Eisenhower wa Marekani alipasuliwa utumbo juu ya Crohn mwezi wa Juni 1956. Novemba ya mwaka ule akachaguliwa tena. Mwenye Crohn asivute tumbaku, inazidisha ugonjwa.

Sisi tufanye nini?

Tunaomba walimu: mwanafunzi wa namna hii akae karibu na mulango, atoke bila kuomba, na siku za mutihani apewe dakika zake. Tunaomba wakubwa wa internati: taa na maji ku choo usiku. Na sisi wenyewe tuache majina ya matusi. Mwenye kuhara damu, ao kuhara kunakopita majuma mane, aende ku dispensari bila haya.

Mwenzetu tulimuandikia barua ya kuomba musamaha. Alijibu: dawa zinamusaidia, na mu Septemba anarudi. Tumupokee vema.