Anayeua Wengi Huweza Kushindwa

Wako wanaodai kwamba Warhammer, mchezo wa vita vya sanamu ndogo uliozaliwa Uingereza mwaka 1983, ni bahati ya dadu tu. Sikubaliani nao. Kwenye mashindano ya Age of Sigmar, toleo lililotoka mwaka 2015, kwa kawaida kila mchezaji huleta jeshi la pointi 2,000. Dadu kweli hazina huruma: mapigo 20 yanayohitaji nne kwenda juu ili yampate adui, na nne tena ili yamjeruhi, kwa wastani hubaki matano, na adui bado ana ngao! Lakini ushindi hutokana zaidi na kushika maeneo yaliyowekwa mezani. Zimwi langu mimi ningelikalisha pale pale, litamani damu lisitamani.