Hakuna Rangi Ivutayo Wateja

Katika miaka mingi niliyoitumikia kazi ya kupanga maandishi na picha juu ya vibao, mabango, kadi na majalada ya vitabu, na kuwafundisha vijana kazi hiyo hiyo, sijapata kuulizwa swali moja mara nyingi kama hili: "Mwalimu, rangi gani inavuta wateja?" Huliuliza mwenye duka la nguo anayetaka kibao, huliuliza kijana aliyenunua kompyuta juzi na leo anawachorea watu nembo, na wiki iliyopita aliniuliza mama mmoja mwenye mgahawa ambaye, kabla sijapata wasaa wa kumjibu, alijijibu mwenyewe ya kuwa amekwisha kusikia kwamba nyekundu na manjano huamsha njaa, buluu huleta uaminifu, kijani ni afya na zambarau ni ufalme, basi haja yake ni nimthibitishie tu. Sikumthibitishia. Na kwa kuwa naona swali hili limepita mpaka, nimeazimia kulijibu hapa kwa urefu unaolistahili, ili nisilijibu tena mlangoni kwangu.

Orodha ile ya rangi na tabia zake, inayopita simu hata simu na kuingia hata katika vitabu vingine vya biashara, ni chupa ya muuza dawa wa sokoni, ile itibuyo kichwa, tumbo, mgongo na mikosi kwa kijiko kimoja. Hebu tuipime kwa mambo tuyajuayo sote. Nyeupe ni rangi ya nini? Sisi watu wa pwani humvika bibi harusi shela jeupe, maiti humkafini kwa sanda nyeupe, na kanzu ya Ijumaa ni nyeupe pia, wala hapana mtu aliyepata kuiona sanda akadhani ni harusi. Kwani maana haikukaa katika weupe, imekaa katika nguo, mahali, wakati na mazoea ya wenye kutazama. Nyekundu nayo ni hatari juu ya nguzo ya umeme, ni furaha katika kisutu, ile kanga ya jadi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe avaayo bibi harusi, na mjini Dar es Salaam ni timu ya mpira ya Simba. Na shabiki wa Yanga, mahasimu wa Simba, aliyelelewa katika kijani na manjano, hawezi kuitazama kwa jicho lile lile la mwenziwe wa Simba.

Ushahidi wa biashara ni mzito zaidi. Huduma ya kutuma fedha kwa simu iitwayo M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata. Ng'ambo ile ya mpaka vibanda vya mawakala wake vimepakwa kijani, na ng'ambo hii vimepakwa nyekundu, kwa sababu tu ya kuwa kampuni zinazoiendesha ni mbili na kila moja ina rangi yake. Jina la huduma ni moja, lugha ni moja, wateja wa Tanga na wa Mombasa wengine ni ndugu wa damu, na huku na huko mzazi hutuma ada ya mtoto pasipo kusita. Lau uaminifu ungekaa katika buluu, kama orodha isemavyo, huduma hii isingesimama upande wowote wa mpaka. Ama hiyo njaa, itazameni Coca-Cola, ambayo kwa miaka mingi imepaka nyekundu kuta za maduka katika miji yetu: duka la misumari, la vipuri vya baiskeli, la mchele, na banda la kinyozi, yote mekundu, na hakuna aliyepata kushikwa na njaa kwa kinyozi kwa sababu ya ukuta. Watu huingia mgahawani kwa harufu ya pilau, kwa usafi wa meza na kwa bei iliyoandikwa ikasomeka.

Wala tusidhani kwamba wenzetu wa mbali wamesalimika na imani hii. Mwaka 1979 chumba cha mahabusu katika gereza la jeshi la majini mjini Seattle, Marekani, kilipakwa waridi maalumu kwa shauri la mtafiti Alexander Schauss, ikasemwa kwamba rangi hiyo hupoza ghadhabu ya mfungwa kwa muda wa dakika chache; habari ikaenea, magereza mengine yakaiga, na majaribio yaliyofanywa baadaye kwa uangalifu zaidi hayakuiona nguvu hiyo. Kuta zilikwisha kupakwa, na imani ikabaki, kama ilivyo ada ya imani ya namna hii.

Lakini lililo kweli juu ya rangi lilijulikana zamani, na mwenye kulibainisha alikuwa mwanakemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyekabidhiwa mwaka 1824 usimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mazulia ya kutundikwa ukutani. Malalamiko yalimfikia ya kwamba rangi nyeusi ya kiwanda haina nguvu, hasa inapofumwa kuwa kivuli katika nguo za buluu na zambarau. Chevreul akatafuta sufu nyeusi za viwanda vingine, akazilinganisha na ya kwake, akakuta ya kwake haina kasoro. Ndipo alipotambua ya kuwa ila haimo katika dawa ya rangi, imo katika jirani, kwa kuwa uzi mweusi uliolazwa kando ya buluu hupata machoni petu athari ya buluu hiyo na kuonekana umefifia. Aliyoyagundua aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1839. Zaidi ya miaka mia baadaye, Josef Albers, aliyefundisha katika shule ya sanaa ya Bauhaus huko Ujerumani na kisha Marekani, alitoa mwaka 1963 kitabu chake Interaction of Color juu ya msingi huo huo, na wanafunzi wake aliwapa vipande vya karatasi akawataka waifanye rangi moja ionekane kuwa mbili.

Jambo hili msomaji aweza kulifanya leo mezani pake. Achukue bahasha ya kaki, akate vipande viwili vilivyo sawa, vya ukubwa wa stempu. Kimoja akilaze katikati ya karatasi ya manila nyeusi na kingine katikati ya nyeupe, kisha arudi nyuma hatua mbili. Kaki iliyo juu ya nyeusi itang'aa kama mchanga mkavu, na iliyo juu ya nyeupe itapiga weusi kama mchanga uliolowa, ilhali bahasha ni moja. Aliyeliona hili kwa macho yake hawezi tena kuuliza kama rangi fulani ni nzuri. Atauliza, iko kando ya nini?

Hili si jambo la darasani tu. Mwenye zahanati mmoja wa Temeke aliambiwa kwamba nyekundu huvuta na kijani ni afya, naye, kwa nia njema kabisa, akapakisha kibao cha herufi nyekundu juu ya kijani. Nilisimama ng'ambo ya barabara saa saba mchana nikaona ubao tu. Mzee mmoja, amemshika mjukuu mkono na mtoto ana homa, alikuja akasimama chini ya kibao hicho hicho, akamwuliza kijana wa kibanda cha vocha, "Mwanangu, zahanati iko wapi?" Kijana akamwamkia, "Shikamoo babu, ni hii hapa, umefika," akanyoosha kidole juu ya kichwa cha mzee, na mzee akainua uso akakitazama kibao kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta sindano mchangani.

Mzee hakuwa na kosa wala hakuwa mjinga wa kusoma. Jicho huzitambua herufi hasa kwa tofauti ya mwanga na giza, na rangi mbili zaweza kuwa mbali kabisa kwa jina huku zikiwa karibu sana kwa mwanga. Kipimo kinachotumika kwa maandishi ya skrini huihesabu nyeusi juu ya nyeupe kuwa 21 kwa 1, na hutaka maandishi ya kawaida yasipungue 4.5 kwa 1. Manjano kamili juu ya nyeusi hupita 19, manjano hiyo hiyo juu ya nyeupe, ambayo watu huitaka kila siku katika kadi za harusi, haifiki 1.1, na nyekundu kamili juu ya kijani cha wastani haifiki 1.5. Fauka ya hayo, jua linapokuchwa nyekundu ndiyo hutangulia kuingia gizani, jambo alilolieleza Jan Purkinje wa Bohemia mapema katika karne ya 19, basi zahanati ile ilikuwa ikipoteza jina lake saa ya magharibi, wakati watoto huzidiwa na homa. Na wako wanaume wasioweza kutenga nyekundu na kijani tangu kuzaliwa, takriban 8 katika kila 100 miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya ya kaskazini, wachache zaidi kwetu, lakini wapo.

Mwenye kutaka kujifunza misingi ya kazi hii na atandike kanga sakafuni kabla ya kugusa kompyuta. Pindo limezunguka pande zote nne na kuufunga uwanja. Mji uko katikati na umepewa nafasi ya kupumua. Jina limekaa ndani ya kisanduku chake, kwa herufi kubwa zisizo na madoido, mahali pale pale ambapo macho yamezoea kulitafuta. Kanga hiyo hiyo hutolewa kwa rangi mbili au tatu mbalimbali, na ujumbe wake hausogei hata kidogo, kwani umebebwa na maneno na mpangilio.

Yaliyobaki ni ya kutendwa, nayo si mengi. Kabla ya yote andika kwa sentensi moja nani atatazama, akiwa umbali gani, na afanye nini akishatazama. Chagua jambo moja liwe kubwa kupita mengine yote, na mengine yakubali kuwa madogo. Bango lenye mambo matano makubwa halina hata moja. Yanayohusiana yakae karibu, yasiyohusiana yaachane, na kila mstari uanzie pale ulipoanzia mwenziwe. Aina moja ya herufi yatosha, nyembamba na nene. Acha mahali patupu, wala usiogope kwamba mteja atasema umempunja karatasi. Fanya kazi yote kwa nyeusi na nyeupe kwanza, na rangi uitie mwisho. Ukiwa umekwisha, ipige picha kwa simu, uigeuze kuwa ya kijivu, uifinyie macho; kisha ichape, ibandike ukutani, urudi hatua kumi, umwite mtu asiyehusika akusomee. Programu si hoja: Inkscape haina malipo, penseli pia ipo. Rangi nayo uichague kwa kutazama majirani wa mtaani, ili duka lako lisichanganywe na la pili yake, kisha ushikamane nayo miaka mingi, maana mazoea ndiyo huipa rangi maana.

Kibao cha Temeke kilipakwa upya, herufi nyeupe juu ya buluu nzito. Buluu ilichaguliwa kwa kuwa ilikuwa imebaki stoo na ni nzito ya kutosha, na gharama haikuzidi makopo mawili ya rangi na siku moja ya fundi. Nanyi mnaotaka niwatazamie kazi zenu, mlango wangu u wazi kama zamani, ila nileteeni kwanza picha yake isiyo na rangi.