Anayepiga Goti Lupembe Anadai Kitu

Mama wa mjini akitafuta msichana wa kazi husema, "Nitafutie wa Iringa au Njombe, wale wana adabu." Husema hivyo kwa nia njema, akidhani anatusifu. Amemwona binti wa miaka kumi na saba akishusha goti kumpa mgeni maji, akamsikia akiitika "abee" bila kununa, akaamua kwamba kule milimani watu huzaliwa watumishi. Nimeisikia kauli hiyo kwenye mabasi, misibani, hata nje ya kanisa baada ya ibada, na kila mara huniuma. Mimi ni Mbena wa Lupembe. Goti lile nililipiga utoto wangu wote na bado nalipiga, na walionifundisha hawakuwa wakiniandaa kuwa mtumishi wa mtu.

Lupembe iko mashariki ya Njombe. Ukitoka Makambako kwa barabara ya Songea, kabla hujaingia Njombe mjini unakata kushoto pale Kibena, unaiacha miwati ya TANWAT, kampuni iliyoanza mwaka 1949, kisha unapanda na kushuka vilima kuelekea mashamba ya chai. Njia hiyo inaendelea hadi Madeke kwenye mananasi, ambako nchi inakatika ghafla na bonde la Kilombero linaonekana chini. Wakati wa masika, siku ya matope, safari hula mchana mzima. Ni nchi ya ukungu na baridi, na watu huvaa makoti hata saa sita. Kwa hiyo anayepiga goti Lupembe mara nyingi analipiga kwenye udongo uliolowa.

Inakuwa hivi. Binti anatoka kisimani au anarudi na kuni, anakutana na mzee njiani. Binti anasimama. Akiwa na mzigo kichwani hukunja magoti kidogo, na akiwa mikono mitupu hushuka hadi chini, macho yakitazama pembeni. Anasema "Kamwene." Mgeni wa mjini huishia kuona hapo. Hamtazami mzee, ilhali wajibu mzito ni wa mzee. Naye lazima asimame, hata kama mvua iko njiani. Lazima aitikie, amuulize binti habari za mama yake, za bibi aliyekuwa anaumwa, za shamba la bondeni, na asikilize majibu. Hawezi kuitikia huku anatembea. Akishapokea salamu ile amejifunga: binti huyo akikutwa na njaa karibu na mji wake, atalishwa, akikosa karo, mzee ataulizwa kwenye kikao cha ukoo alichangia nini, na akimtazama binti huyo kwa jicho lisilofaa, amevunja kitu ambacho ukoo mzima utamdai.

Shangazi yangu alimfuata mzee mmoja hadi uani kwake kwa sababu alimpita binti yake bila kumwitikia. Mzee alikuwa mtu wa heshima, mwenye ng'ombe, na alikuwa na wageni siku hiyo. Shangazi naye alishuka goti kwanza, akamwamkia kama inavyopasa, kisha akasema mbele ya wote, "Baba, mwanangu ameshuka kwenye tope kwa ajili yako. Bado yuko kule njiani anangoja." Mzee aliinuka, akachukua fimbo yake, akatembea kurudi hadi pale alipokuwa yule mtoto na kumwitikia. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeona kwamba mzee amedhalilishwa. Alikuwa amelipa deni. Shangazi alidai haki yake akiwa amepiga goti, na nguvu ya kudai aliipata palepale chini.

Wanaume nao hushuka. Mkwe mwanamume akifika ukweni huvua kofia mbali, huchuchumaa, na hakai mahali pamoja na mama mkwe wake. Sisemi mizani ilikuwa sawasawa. Wanawake wameshuka mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na mabinti zangu wananiuliza kwa nini. Swali lao ni la haki, na wakitaka kupunguza nitawaelewa. Nisichokubali ni mtu wa nje kuchukua nusu ya mila, ile nusu ya binti aliye chini, kuipeleka mjini, na kuiacha njiani nusu ya mzee anayesimama na kujibu. Kwenye nyumba nyingi za mjini binti anapiga goti na hakuna anayemwangalia. Anasema shikamoo kwa mtu anayetazama simu. Huo ndio unyonge, na umetengenezwa mjini. Anne Makinda, aliyeongoza Bunge letu kuanzia 2010 hadi 2015, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti cha Spika, alikuwa mbunge wa Njombe Kusini. Amekulia katika heshima hizihizi, na sidhani kuna aliyemwona mnyonge.

Kusafiri hakukuanza na mabinti hawa wanaopelekwa mjini. Babu zetu walikwenda manamba Tanga na Morogoro kukata mkonge, na baada ya ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU kuanzishwa mwaka 1944, waliandikishwa kwa wingi zaidi. Wengine walishuka kwa miguu kwenda Kilombero, kwa ndugu zetu Wabena wa mabondeni. Hao ndio walioandikwa na waandishi wa kigeni, akina Culwick, katika kitabu kilichotoka London mwaka 1935, na hadi leo watu hukinukuu kana kwamba kinatuhusu sisi wa milimani. Ndugu zetu wale ni watu wa mito, mitumbwi na mpunga. Sisi ni watu wa baridi, wa ulezi, wa mahindi na wa vinyungu, zile bustani za bondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi. Asomaye kitabu kile akaja Lupembe kutafuta mitumbwi atapotea.

Mtu wa kwetu alipoondoka, hakuondoka peke yake. Kwetu bibi alimpa maji kwenye kibuyu, akawataja waliotangulia mmoja mmoja, akamwomba Nguluvi, yaani Mungu, kisha msafiri akakabidhiwa kwa mtu aliyemtangulia kule aendako, mtu wa ukoo au wa kijiji, na jina la mtu huyo likabaki nyumbani kama dhamana. Msafiri akipata shida huko, kuna aliyeulizwa. Alirudi na blanketi, baiskeli, pengine cherehani, na kabla hajafungua mzigo alikwenda makaburini kusema amefika.

Leo binti anaondoka na dalali. Wanakutana stendi ya Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, mji uliokuzwa na barabara kuu na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976. Dalali anapokea chake, mwenye nyumba anatuma nauli kwa simu, na mama wa binti anabaki na namba ambayo baada ya miezi miwili haipatikani. Hakuna aliyekabidhiwa mtu. Mila hii, ya kumkabidhi msafiri, ndiyo ninayoililia kuliko zote, kwa sababu ilikuwa inaokoa maisha.

Ngoma zetu wengine wameziandika, na nyingi siku hizi huchezwa kupokea wageni wa serikali. Sina la kuongeza. Kurithi wajane kumekaribia kufa, na kufe.

Lakini ulanzi siwezi kuupita, maana ndipo tunapotukanwa zaidi. Ulanzi ni maji ya mwanzi mchanga. Mvua zikianza, chipukizi hutoka kwenye shina, na likifika kimo kinachofaa mgema hulikata ncha, kisha kila asubuhi na kila jioni huchonga ukoko mwembamba pale pale ili maji yasikauke. Chini ya kidonda hicho huning'iniza mbeta, kikombe cha pingili ya mwanzi. Maji hutiririka tone kwa tone. Asubuhi ni matamu, meupe kidogo, na watoto walipewa kabla ya kwenda shule. Jioni yameanza kuuma ulimi. Kesho yake ni pombe ya watu wazima, na hakuna aliyetia chachu wala kuwasha moto.

Msitu wa mianzi wa babu ulikuwa na mipaka yake na masharti yake. Mpita njia mwenye kiu aliruhusiwa kunywa pale pale kwenye shina na kuirudisha mbeta ilipokuwa, lakini hakuruhusiwa kuondoka na tone. Mgeni akija nyumbani, mwenyeji alikunywa kwanza ndipo akampa, ili mgeni ajue kilichomo ni salama. Ukimwalika mtu akusaidie kulima, ulanzi ulikuja kazi ikishakwisha, na wazee wawili walikaa karibu na chungu kuona nani ameshatosheka. Kijana aliyelewa alipelekwa nyumbani na kesho yake aliitwa mbele ya baba zake wadogo. Kulikuwa na unywaji, nakubali, na kulikuwa na wenye kuutawala.

Anayepita leo kwenye basi huona ndoo za plastiki kando ya barabara na vijana wamekaa klabuni tangu saa tatu asubuhi, akasema Wabena ni walevi. Anaona kweli, lakini anaona mabaki. Wazee wa kukaa karibu na chungu hawapo tena; aliyebaki ni muuzaji, na muuzaji hawezi kumwambia mteja kwamba ametosheka. Mashina yenyewe yanaondoka. Nimeona mianzi iliyopandwa na babu ikichomwa kupisha parachichi, na upande wa pili misindano ya mbao. Sina ugomvi na parachichi, linasomesha watoto. Ila shina la mwanzi likishachomwa, masharti yake yote yanachomwa nalo, na mtoto aliyezaliwa jana atajua ulanzi wa ndoo tu.

Kuna mengine tunayosingiziwa, mazito zaidi. Utafiti wa taifa wa 2016–2017 ulikuta maambukizi ya VVU Njombe ni asilimia 11.4 ya watu wazima, na ule wa 2022–2023 asilimia 12.7, juu kuliko mikoa yote ya Bara. Wataalamu wa vijiweni wakasema ni mila. Ni kweli hatukuwa na jando la kutahiri. Kampeni ya tohara ilipokuja kwetu kuanzia 2009 na 2010, vijana na baba zao walijipanga foleni, na hakuna mzee niliyemsikia akisema anatetea mila. Mila haikuwazuia. Lakini tazameni ramani: barabara kuu, malori yanayolala, kambi za chai na mbao, wanaume walio mbali na nyumbani miezi mingi na wasichana waliopelekwa mbali zaidi. Ugonjwa ulifuata safari, na safari tulizianza kwa sababu ya kodi ya mkoloni na umaskini.

Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa Njombe, na redio za dunia zikatangaza kwamba ni imani zetu. Nasema hapa kwa sauti: hakuna tambiko la Mbena linalotaka mwili wa mtoto. Tambiko letu ni maji, unga, pombe na majina ya marehemu. Aliyeua mtoto alikuwa muuaji, na aliyemtuma alikuwa muuaji anayetafuta fedha. Majirani zetu Wakinga, wanaofanya biashara kwa bidii hadi Kariakoo, nao hutajwa kwa uchawi kila wanapofungua duka jipya. Ni uvivu wa kufikiri.

Siku hizi watu huja na kamera kwenda Nyumbanitu, ule msitu wenye mapango kijijini Mlevela, wakitafuta kuku weusi wanaosemwa kuwa mle. Waje, ila waulize kwanza. Mapango yale yaliwaficha watu wakati wa vita na Wahehe na Wangoni, wanawake na watoto wao gizani. Ndiyo maana huingii bila idhini ya wazee wanaoutunza, na ndiyo maana wazee wale hawafurahi mtu akipiga kelele mle. Msafiri anayetaka kutujua asikimbilie pangoni. Akae kijijini, aamkiwe, na ajue namna ya kuitikia.

Nawe uliye mjini na binti wa kwetu jikoni kwako, nina maneno kwako. Serikali imeweka kiwango cha chini cha mshahara kwa mfanyakazi wa ndani anayekaa kwa mwajiri; ukimlipa chini ya hapo unamwibia, hata kama anakula kwako. Jua jina la ukoo wake na kijiji chake. Mpigie mama yake wewe mwenyewe, umwambie mwanawe yuko wapi na yuko chini ya nani. Akishuka goti asubuhi kukuamkia, weka simu chini, mtazame, itikia, muulize habari za kwao na usubiri majibu. Desemba mpe nauli ya kwenda na ya kurudi, na chumvi na sabuni za kuwapelekea watu wake. Kama huwezi hayo, fua nguo zako mwenyewe na uache mabinti wa Lupembe wakae kwao.