Ukiacha bangi, ndoto hurudi

Wapo vijana wanaovuta bangi usiku ili wasiote vita. Ni kweli, wengi wao huota kidogo. Lakini wakijaribu kuiacha, ndoto huja kwa nguvu. Hapo husema, "Nimerogwa," kisha huirudia bangi.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90. Mwishoni mwa kila mzunguko macho huchezacheza chini ya kope, na hapo ndipo tunapoota zaidi. Bangi hupunguza sehemu hiyo. Ukiiacha, ubongo hufidia ulichokosa. Usumbufu huanza siku 1 hadi 3 baada ya kuacha na huzidi wiki ya kwanza. Ndoto zaweza kuendelea wiki kadhaa, kisha hupungua. Si uchawi, wala si dalili kwamba mwili unahitaji bangi.

Katika wiki hizo:

- Lala na uamke saa zile zile kila siku.
- Usinywe kahawa wala chai kali kuanzia alasiri.
- Usishike pombe badala ya bangi. Nayo huharibu usingizi.
- Acha habari za vita kabla ya kulala.
- Ukishtuka usiku, keti, pumua polepole, taja vitu vilivyo karibu nawe mpaka utulie.

Jinamizi likizidi mwezi, nenda kituo cha afya. Ukisikia sauti wasizosikia wengine, au ukifikiria kujiua, nenda siku hiyo hiyo. Wazazi, wasindikizeni vijana wenu: anayetafuta matibabu ni mgonjwa, si mhalifu.