Kuchelewa kwa Michezo ya Mtandaoni: Chanzo Chake na Namna ya Kukitafuta

Kijana achezaye kandanda kwa njia ya intaneti hubonyeza kitufe ili apige mpira, lakini mchezaji wake kiooni huduwaa kidogo kabla ya kuitika. Mguu unapoinuka, mpira umekwisha kunyang'anywa. Watu wengi hudhani kuwa dawa ni kununua huduma ya intaneti yenye kasi kubwa zaidi. Aghalabu fedha hizo hupotea bure, kwa kuwa kilichopungua si wingi wa data bali ni wepesi wa kufika kwake.

Wingi na wepesi

Lori hubeba magunia mengi kuliko pikipiki. Lakini palipo na barua moja ya kupelekwa, pikipiki huweza kutangulia. Mchezo wa mtandaoni hupeleka barua za namna hiyo, yaani ujumbe mfupi mfupi, mara nyingi kila sekunde, kwenda kwenye kompyuta kuu iitwayo seva. Muda wa ujumbe kwenda na jibu kurudi hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Sehemu ya muda huo haiepukiki. Nuru hupita katika nyuzi za kioo kwa mwendo wa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa mwisho wa waya wa kilomita 10,000, safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 20,000, nayo haiwezi kuchukua chini ya milisekunde 100. Dawa yake ni kuchagua seva iliyo karibu, iwapo mchezo unaruhusu. Hata hivyo, kuchelewa kwa namna hii hakubadiliki sana. Kunakomsumbua zaidi mchezaji ni kule kunakorukaruka, mara 30, mara 400. Nako mara nyingi huanzia nyumbani.

Hewa na foleni

Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kuunganisha kompyuta za visiwani kwa redio, katika mtandao ulioitwa ALOHAnet. Ilidhihirika kwamba vyombo viwili vikipeleka ujumbe kwa wakati mmoja, mawimbi yake hugongana, na ujumbe hauna budi kurudiwa. Wi-Fi imerithi shida hiyo. Kila chombo husikiliza kwanza, husubiri hewa iwe kimya, ndipo hupeleka. Wingi wa majirani, kuta za zege, na hata joko la mikrowevu, ambalo hutumia masafa ya karibu gigahezi 2.4, huongeza kusubiri na kurudia.

Sababu ya pili ni foleni. Ruta, yaani chombo kinachounganisha nyumba na mtandao, huweka akiba ya data inayongoja zamu. Ikiwa njia ya kutokea hupitisha biti 2,000,000 kwa sekunde, na mtu anayepeleka video amekwisha kujaza baiti 250,000 katika akiba hiyo, basi ujumbe wa mchezo unaofuata nyuma utangoja sekunde nzima.

Uchunguzi

Programu ya ping, iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, hupima muda wa jibu. Ipimwe kwanza anwani ya ruta, ambayo aghalabu ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, kisha anwani ya mbali.

Majibu ya ruta yakirukaruka, kosa limo hewani. Kompyuta iunganishwe kwa waya. Isipowezekana, isogezwe karibu na ruta na kutumia masafa ya gigahezi 5, ambayo aghalabu hayana msongamano mkubwa ingawa hudhoofishwa zaidi na kuta.

Ruta ikijibu upesi, lakini majibu ya mbali yakapanda kila video inapopelekwa, kosa ni foleni. Kazi hiyo iahirishwe, au ruta ipangwe kuutanguliza mchezo.

Vyombo vingine vikizimwa na majibu ya mbali yakazidi kuchelewa, chanzo kiko nje ya nyumba, kwa mtoa huduma au katika umbali wenyewe. Katika kila hatua libadilishwe jambo moja tu. Yakibadilishwa mawili kwa pamoja, haitajulikana lipi lililoponya.

Zoezi hili lafaa pia darasani. Wanafunzi wachukue vipimo 50 karibu na ruta na vingine 50 nyuma ya ukuta wa zege, kisha wachore grafu mbili. Wasitazame wastani peke yake, bali pia jinsi vipimo vinavyotawanyika, kwani hapo ndipo lilipo kosa linalompokonya mchezaji mpira.